Meno ya Bibi na Bwana Adabu

Kila asubuhi, kazi ya kwanza ya Kidole ilikuwa kumpelekea Bibi kikombe chake cha bati. Kikombe hicho kilikuwa na mfuniko wa buluu uliobonyea upande mmoja, na kila usiku kilikaa dirishani kikiwa na maji pamoja na meno ya bandia ya Bibi. Kidole alikibeba kwa mikono miwili, akabisha hodi, akakikabidhi, kisha akasimama mlangoni akitazama pembeni mpaka Bibi amalize kuyavaa. Bibi hakuwa mtu wa kuongea kabla ya meno. Lakini akishayavaa, alifungua mdomo na hakuufunga tena mpaka jioni.

Jina la Kidole alipewa na huyohuyo Bibi, kwa sababu kidole cha mtoto huyo kilifika mahali kabla ya macho yake. Swichi, kengele, redio, mizani ya dukani, vyote vilikuwa vimekionja. Sasa alikuwa msichana wa darasa la sita na jina lilikuwa bado linamfaa.

Waliishi watatu: Bibi, Mama na Kidole. Mama alikuwa mwoka mikate. Aliondoka kabla ya mapambazuko kwenda kuwasha tanuri, kwa hiyo Bibi na Kidole ndio walioianza siku pamoja. Walizoeana kiasi kwamba Kidole aliweza kujua, kwa jinsi Bibi alivyokohoa tu, kama anataka chai au anataka kusema jambo.

Mwezi huo Bibi alikuwa na jambo moja tu la kusema. Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama na kitinda mimba wa Bibi, alikuwa anahitimu uhandisi chuo kikuu. Bibi alimwambia kila mtu, hata fundi bomba aliyekuja kuziba tundu la jikoni. "Mwanangu anavaa joho," alimwambia, "kwa hiyo ziba vizuri." Fundi hakuona mambo hayo mawili yanahusiana vipi, lakini aliziba vizuri.

Chuo kilikuwa mbali na kwao. Bahati nzuri, mama mdogo alikuwa amefanya mafunzo yake ya kazi katika hoteli iliyotazamana na lango la chuo, na wenye hoteli wakampa chumba cha siku mbili kwa ajili ya familia yake. Tena alimwahidi Kidole kwamba baada ya mahafali angempeleka kwenye karakana ya chuo, ambako wanafunzi walikuwa wametengeneza mkono wa chuma unaochora picha. Tangu siku hiyo Kidole hakuwa na wimbo mwingine. Akila, mkono wa chuma. Akioga, mkono wa chuma.

Hoteli yenyewe haikuwa ya mchezo. Ukuta wa mapokezi ulikuwa umepambwa kwa bodi za kompyuta za zamani zilizopangwa kama vigae, za kijani na dhahabu. Taa zilining'inia kwenye nyaya za rangi. Viti vilikuwa na umbo la vitufe vya kompyuta, kila kimoja na herufi yake, na wanafunzi wa chuo walikuwa wamevikalia huku wakinywa kahawa na kubofyabofya simu zao. Mama alitazama viatu vyake, kisha akaufuta mkoba wake kwa kiganja.

Mara likaja roboti jeupe, kimo chake kikimfikia Kidole kifuani. Lilikuwa na droo tumboni, na juu skrini yenye macho mawili ya duara. Likasimama mbele ya Bibi.

"Hujambo, mgeni wetu! Karibu sana," lilisema kwa sauti laini.

Bibi alisimama kama aliyekanyaga kitu. "Hujambo? Mimi ndiye ninayeambiwa hujambo? Huyu ana umri gani?"

"Ana miaka miwili, Bibi," mpokezi alijibu akicheka. Alikuwa dada mchangamfu mwenye nywele fupi.

"Miaka miwili, ananiambia hujambo! Hakufundishwa shikamoo huyu?"

"Tusamehe, Bibi, hilo limetupita. Lakini kwa mengine ana adabu mno. Sisi tunamwita Bwana Adabu. Hampiti mtu wala hasukumi kitu. Akikuta mtu au mzigo mbele yake, anasimama na kuomba njia mpaka apishwe. Juzi alisimama nyuma ya mgeni aliyekuwa anaongea na simu mpaka mazungumzo yakaisha."

"Kwani kazi yake nini?" Kidole aliuliza, macho yameshamtoka.

"Analeta maji na taulo vyumbani. Na anakusanya vyombo vichafu, anavipeleka jikoni. Unagusa tu picha kwenye kibao kilichopo ukutani, anakuja mwenyewe."

Maneno hayo hayakupitia masikioni mwa Kidole. Yalikwenda moja kwa moja kwenye kidole.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, kando ya ngazi. Pazia lilifunguka kwa kuambiwa, na taa ziliwaka na kuzimika kwa kuambiwa vilevile. Bibi aliketi kitandani akasema, "Ama kweli, kuna taa na taa," na taa zote zikazimika. "Nimezikosea nini?" aliuliza gizani, na Mama na Kidole wakaangua kicheko.

Kidole aligusa picha ya chupa ya maji. Bwana Adabu akaja. Akagusa picha ya taulo. Bwana Adabu akaja. Akagusa tena maji, kwa kuhakikisha tu. Walipokuwa na chupa za kutosha kumwogesha ndama, simu ya chumbani ililia. Mama aliisikiliza, akasema, "Samahani sana, dada, haitatokea tena," akaiweka chini taratibu. Ule utaratibu ndio uliomtisha Kidole.

"Sikiliza," Mama alisema. "Ukimwita tena huyo roboti bila ruhusa yangu, ile karakana ya mama mdogo utaisikia kwa watu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

"Niangalie ukisema."

"Tumeelewana, Mama," Kidole alirudia akimwangalia. Wakati huo aliamini kabisa anachokisema. Uchovu wa safari ulimshika mapema na akapitiwa na usingizi hata kabla ya Bibi kufungua begi lake.

Kwa hiyo hakusikia kilichofuata. Bibi alitoa viatu, akatoa mtandio, akatoa gauni, kisha akakung'uta begi tupu. "Kikombe changu kiko wapi? Nilikiweka mwenyewe, kati ya viatu na mtandio."

Mama alichukua gauni lililokwisha kukunjwa akaanza kulikunja upya. "Labda ulikiacha dirishani, Mama. Siku hizi..." Hakumalizia.

"Siku hizi nini?"

"Siku hizi una mambo mengi, ndiyo nilikuwa nasema."

Bibi alilipapasa tena begi mpaka kwenye pembe zake. Halafu alichukua kikombe kimoja cha hoteli, cheusi, akakitia maji, akaweka meno yake humo na kukifunika kwa kisahani. Akakiweka kwenye meza ndogo kando ya kitanda chake, jirani na vikombe vingine vyeusi walivyokuwa wamenywea chai.

Asubuhi Mama aliingia bafuni. Hakuwa na haraka. Mtu ambaye kila siku huamshwa na tanuri ana haki ya kuoga mpaka ngozi ya vidole ikunjamane. Bibi alikuwa bado amelala, amegeukia ukutani. Kidole alikuwa macho, na kibao kilikuwa ukutani, kikimwangalia.

"Mara moja tu," alijiambia. "Vyombo ni vichafu kweli. Hii ni kazi, si mchezo." Akagusa picha ya kikombe.

Bwana Adabu hakukawia. Kidole alifungua mlango taratibu. Droo ikafunguka. "Hujambo, mgeni wetu! Tafadhali weka chombo."

"Shh!" Kidole alisema.

"Tafadhali weka chombo," roboti lilirudia, sauti imepanda kidogo, kwa kuwa lilidhani halikusikika. "Tafadhali weka chombo!"

Bafuni maji yalikatika. Moyo wa Kidole nao ulitaka kukatika. Alikimbilia kwenye meza, akanyakua kikombe kilichokuwa karibu kuliko vingine, kile chenye kisahani juu. Kitu kiligonga ndani na akajua ni kijiko. Alikitumbukiza kwenye droo, droo ikajifunga, na Bwana Adabu akaenda zake akisema asante. Mama alipofungua mlango wa bafu, Kidole alikuwa amesimama dirishani akitazama nje kwa bidii ya ajabu.

"Kulikuwa na mtu?"

"Hapana, Mama." Na kwa kweli, roboti si mtu. Hivyo ndivyo alivyojitetea moyoni, ingawa utetezi wenyewe aliuona mwembamba.

Kisha Bibi aliamka. Alinyoosha mkono kwenye meza ndogo, akapapasa. Akainuka, akatazama. Akachungulia kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda. Akainua mto, akakung'uta shuka, akafungua droo za kabati ambazo hakuzigusa tangu jana.

"Unatafuta nini, Mama?" Mama aliuliza.

Bibi aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Meno yangu," alisema, na maneno yakatoka yamejaa hewa. "Niliyaweka hapa. Kwenye kikombe cheusi. Nikafunika."

Kidole alikumbuka kile kilichogonga ndani ya kikombe. Hakikuwa kijiko.

Kama angesema pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini aliiona karakana ikifunga mlango wake, akauona mkono wa chuma ukimpungia kwaheri, na ulimi ukagoma. "Yatapatikana," alijiambia. "Watayakuta jikoni, watayaleta." Akaanza kuyatafuta pamoja na wenzake, tena kwa juhudi kuliko wote, akitazama mahali ambapo alijua fika hayapo.

Walitafuta bafuni, kwenye viatu, hata kwenye mfuko wa koti la Mama. Mwanzoni Mama alikuwa anaharakisha. Kisha sauti yake ilibadilika, ikawa ya polepole na ya upole kupita kiasi, sauti anayoitumia mtu akizungumza na mgonjwa.

"Mama, hebu kumbuka vizuri. Una hakika ulikuja nayo? Labda yako nyumbani, pamoja na kile kikombe."

"Jana nilikula nini na nini? Nilikula kwa fizi?" Bibi alisema. Lakini hakucheka, na baada ya kusema hivyo alisita. "Nilikula nayo... sivyo?" Akamgeukia Kidole. "Si nilikuwa nayo jana, mjukuu wangu?"

"Ulikuwa nayo, Bibi," Kidole alisema kwa sauti ndogo.

Bibi aliketi kitandani. Mikono yake, ambayo haikuzoea kukaa bure, ilikuwa imelala mapajani.

"Mama yangu alianza hivihivi," alisema. "Kwanza ilikuwa ufunguo. Halafu sufuria. Alikuwa anaapa ameweka kitu mahali, na sisi tunaambiana kwa macho, mwacheni tu. Mwishoni alinisahau mimi. Nilimpelekea uji, akaniuliza, wewe ni mtoto wa nani." Aliitazama ile meza ndogo. "Jana kikombe. Leo meno. Nendeni nyinyi. Mwambieni mwanangu nampenda, lakini siendi. Sitaki siku yake watu wamtazame mama asiyejua vitu vyake viko wapi."

"Mama, usiseme hivyo," Mama alisema, na macho yake yakajaa machozi.

Simu ya Mama ililia. Alikuwa mama mdogo, sauti imejaa furaha, chumba kizima kikamsikia. "Mko tayari? Mama yuko wapi? Nimeshavaa joho! Nipeni Mama niongee naye!" Mama alimsogezea Bibi simu. Bibi akatikisa kichwa, akageuzia uso ukutani.

Hapo Kidole hakuweza tena. Habari ya karakana ilimtoka kichwani kabisa. Alichokiona ni mgongo wa Bibi tu, na mgongo huo haukuwahi kumgeukia hata siku moja.

"Ni mimi!" alisema kwa sauti kubwa. Mama akashusha simu. "Bibi, hukusahau. Ni mimi. Nilimwita roboti ulipokuwa umelala. Alikuwa anapiga kelele anataka chombo, nikampa kikombe, nikadhani ni cha chai. Kumbe kilikuwa chako. Nimejua tangu ulipoanza kutafuta, nikanyamaza. Nisamehe, Bibi. Samahani, Mama."

Mama alifungua mdomo, lakini Bibi alimwahi. Alikuwa amegeuka.

"Rudia."

"Nilichukua kikombe..."

"Hapana. Kilikuwa wapi?"

"Kwenye meza ndogo, Bibi. Kando ya kitanda."

"Kimefunikwa?"

"Kimefunikwa kwa kisahani."

"Palepale," Bibi alisema. Alifumba macho na kushusha pumzi ndefu, pumzi ambayo ilionekana ilikuwa imebanwa tangu jana usiku. "Niliyaweka palepale." Kisha alifumbua macho, nayo yalikuwa macho yake ya kila siku. "Sasa mnanitazamia nini? Kimbieni! Meno yangu yanaoshwa pamoja na sahani za watu!"

Walishuka kwa ngazi mbiombio. Mapokezi kulikuwa kumejaa wageni wa mahafali, wengine wamevaa majoho, wengine wanavuta mabegi. Mama alimweleza mpokezi huku akihema. Mpokezi hakucheka, ingawa midomo yake ilitetemeka kidogo, akamwita fundi wa hoteli, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Vikombe vikifika jikoni, mabaki yanamwagwa kwenye pipa," fundi alisema akitoa simu yake. "Na pipa la asubuhi linachukuliwa mapema. Amechukua kikombe saa ngapi?"

Mama alimtazama Kidole. "Kabla Mama hajatoka kuoga," Kidole alisema. "Kitambo sasa."

Fundi alikunja uso. Kwenye skrini ya simu yake kulikuwa na ramani ya hoteli, na juu yake nukta nyekundu. Akaikodolea macho, akaikuza, akainua nyusi. "Ngojeni kwanza. Hajafika jikoni. Hajatoka hata ghorofa ya tatu. Amesimama tu karibu na lifti."

Wakapanda tena ngazi. Mama, ambaye nyumbani hulalamika magoti akipanda kibaraza, aliwatangulia wote. Upande wa pili wa ujia, mbele ya lifti, kulikuwa na rundo la mabegi makubwa, na mbele yake bwana mmoja mnene aliyekuwa anahangaika kufunga tai. Nyuma ya mabegi ilisikika sauti laini, isiyochoka: "Samahani, naomba njia. Samahani, naomba njia."

"Jamani," yule bwana aliwaambia, "tangu asubuhi nangoja lifti, kila ikija imejaa, na kuna mtu ananiomba njia humu, kila nikigeuka simwoni!"

Hapo lifti ikafunguka, naye akavuta begi la kwanza. Njia ilikuwa inaanza kupatikana, na magurudumu ya Bwana Adabu yalikuwa yameshaanza kuzunguka, fundi alipomwekea mkono kichwani. Akagusisha kadi yake. Droo ikafunguka. Kikombe cheusi kilikuwa ndani, na kisahani bado kiko juu.

Mama alikifunua. Akachungulia. Kisha akakaa juu ya begi la yule bwana bila hata kuomba ruhusa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kidole naye alicheka na kulia kwa pamoja, hata hakujua lipi ni lipi.

"Mna bahati," fundi alisema. "Mngechelewa dakika chache, mabegi yangeondoka na yeye angeshuka moja kwa moja jikoni." Alisema hivyo kwa wote, lakini Kidole alijua nani aliyewachelewesha, na kwamba huyohuyo ndiye aliyesema kabla mambo hayajaharibika kabisa.

Kidole ndiye aliyebeba kikombe. Alikibeba kwa mikono miwili. Alibisha hodi, akakikabidhi, akasimama mlangoni akitazama pembeni. Nyuma yake alisikia maji yakimwagika bafuni, mswaki ukifanya kazi, kisha kimya, kisha Bibi akikohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha kutaka kusema jambo.

"Geuka," Bibi alisema. Meno yalikuwa mahali pake na Bibi naye alikuwa mahali pake. Alimvuta Kidole, akamkumbatia kwa nguvu. "Umenitia hofu wewe mtoto. Umenitia hofu ambayo hujui ukubwa wake. Lakini umenitoa humo mwenyewe, na hilo nalo nimeliona."

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba akichezea kamba ya mkoba. "Mama," alianza. "Na mimi nina neno. Kile kikombe cha bati hukukisahau. Ulikiweka kati ya viatu na mtandio, kama ulivyosema. Nilikitoa mimi, nikakirudisha dirishani. Niliona... hoteli ya watu, na kikombe kimebonyea. Niliona aibu. Jana usiku nilitaka kukuambia, nikashindwa."

Kidole alimtazama Mama kwa mshangao. Hakuwahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule, uso ambao yeye mwenyewe alikuwa nao muda mfupi uliopita.

Bibi alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Kumbe nina majambazi wawili! Mmoja anaiba kikombe, mwingine anaiba meno, halafu mnasimama mnanionea huruma, maskini Bibi, akili zimemwishia!" Akaanza kucheka, cheko lake kubwa la nyumbani, mpaka taa zikaonekana ndogo. "Nipeni gauni langu. Mwanangu anavaa joho."

Walifika ukumbini dakika za mwisho. Mama mdogo alipoitwa jukwaani, Bibi alipaza sauti ambayo ilimfanya mpiga picha ageuze kamera. Picha hiyo mpaka leo ipo sebuleni kwao: mama mdogo katikati na joho lake, Mama kulia, Kidole kushoto, na Bibi ametoa meno yote nje, kama mtu anayeyatangaza.

Baada ya chakula mama mdogo alisugua viganja. "Haya, Kidole, karakana inatungoja."

Kidole alimtazama Mama. "Siendi, mama mdogo. Tulikubaliana na Mama, nami nikavunja."

"Haendi," Mama alisema. Halafu akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, "Na mimi siendi. Nitakaa naye."

"Basi naenda mimi," Bibi alisema, akachukua mkoba wake. "Mimi sina kosa. Akili zangu timamu na meno yangu kamili."

Kidole alidhani atalia Bibi na mama mdogo watakapotoka, lakini hakulia sana. Kifua chake kilikuwa chepesi. Alikaa na Mama dirishani kwenye chumba chao cha hoteli, wakala maembe waliyofungasha kutoka nyumbani, na Mama akamsimulia jinsi alivyowahi kuunguza mikate ya harusi nzima. Ilikuwa adhabu, lakini adhabu yenye maembe.

Bibi alirudi jioni na karatasi iliyoviringishwa. Mkono wa chuma ulikuwa umemchora: mtandio, mashavu, na tabasamu pana. Alimkabidhi Kidole, akaketi, akamvuta karibu.

"Sasa nisikilize, na mama yako asikilize vilevile," alisema. "Kukosea ulikosea kwa dakika moja. Kikombe ni kikombe, mtu yeyote angekosea, na meno hata yangepotea yangetengenezwa mengine. Hilo sina neno nalo. Lakini uliponyamaza, lile kosa halikukaa kwako. Lilihama, likaja kukaa kichwani kwangu. Nililibeba mimi, wala sikujua ni la nani. Nikaanza kujiogopa mwenyewe. Ndiyo maana kosa husemwa mapema, mjukuu wangu. Halisemwi ili wewe uaibike. Husemwa ili mwingine asiubebe mzigo usio wake."

"Nimeelewa, Bibi," Kidole alisema, na alikuwa anamtazama machoni.

"Nimeelewa, Mama," Mama naye alisema.

"Vizuri. Sasa mwite huyo roboti aje achukue vyombo. Mama yako anaruhusu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kidole alinyoosha mkono akagusa picha ya kikombe, mara moja tu. Bwana Adabu alipofika mlangoni, macho yake ya duara yalimgeukia Bibi. Yaelekea fundi mwenye miwani hakuwa amekaa bure mchana huo.

"Shikamoo, Bibi," roboti lilisema. "Tafadhali weka chombo."

"Marahaba, mwanangu!" Bibi aliitikia, ameng'aa uso mzima. "Umekua sasa." Kisha akamgeukia mjukuu wake, aliyekuwa ameshika kikombe cheusi kilichofunikwa kwa kisahani. "Haya, mpe. Ila funua kwanza uangalie ndani."

Kidole alifunua. Akaangalia. Kisha akamwonyesha na Bibi, ili waone wote wawili kwamba ndani mlikuwa na majani ya chai tu.